Jiwe Linalotoa Jasho

Minza,

Marahaba. Leo hujanisalimu, na jana ulinisalimu ukiwa umeshanipa mgongo, lakini naitikia ile shikamoo ambayo ungenipa kama nisingekuwa nimenuna wiki tatu mfululizo kama kuku aliyenyeshewa.

Nimekaa uani, jua bado lipo. Mama yako yuko ndani anakupangia nguo kwa mara ya tatu, na kila akipanga anapata kitu cha kutoa ili akirudishe. Nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, kurasa za nyuma ulizoziacha tupu, maana ninyi watoto wa siku hizi mnaacha karatasi nzima nzima kama mnazichuma mtini. Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa anachapa kila herufi iliyolala, ndiyo maana zangu zote zimesimama. Mama yako alitaka niseme yeye aandike. Nikamkatalia. Jambo hili halipiti mkononi mwa mtu mwingine.

Sikuambii ule nini huko Dar es Salaam wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako ameyasema mpaka mbuzi wa jirani wameyajua. Na sikuambii ujihadhari na wanaume, kwa sababu mimi mwenyewe sikujihadhari na babu yako, na matokeo yake ni pamoja na wewe.

Nataka kusema habari ya Jumapili ile.

Ulitusomea ile insha uliyoombea ufadhili, sisi wote tuko mezani. Ulisema bibi yako alipasua mawe ya msingi wa lile ghorofa la katikati ya mji, lile tunaloliita la Jiwe. Mjomba wako akapiga makofi. Mama yako akajifuta macho kwa kanga. Halafu ukasoma kwamba lifti ya jengo lile haijawahi kupona masika hata moja, kwa sababu injinia aliyesimamia msingi hakujua kazi yake, na wewe unataka kuwa mchora majengo ambaye atajua kazi yake. Mjomba akasema amina. Mimi nikasukuma sahani. Nikakuuliza wewe unaijua kazi yake, nikakuambia mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo asizungumzie maji, nikatoka nje. Tangu siku hiyo umeamini kwamba bibi yako hataki uende kusoma.

Mke mwenzangu, una akili nyingi lakini mengine unayasoma kinyume. Nilikasirika kwa sababu uliyemsema siye. Aliyestahili kusemwa alikuwa amekaa mbele yako anakula ugali na sato wako.

Sasa nisikilize, na usiruke mistari kama unavyofanya ukisoma simu.

Kabla ya ghorofa, pale palikuwa na mawe matupu. Unajua mji wetu, popote unapochimba choo unakutana na jiwe. Lakini yale ya pale yalikuwa mawili makubwa, yameegemeana chini ya kilima, pale barabara inapopinda kushuka ziwani. Nilikuja mjini kutoka Magu nikiwa msichana, nikakaa kwa dada yangu, chumba kimoja juu mlimani. Dada alikuwa na wivu na sabuni yake na ukali wa maneno, lakini alinifundisha mahali pa kuchota maji. Kiangazi tulishuka mpaka ziwani na ndoo. Masika hatukushuka. Mvua zikinyesha kama wiki tatu hivi, maji yalikuwa yanatoka pale katikati ya mawe mawili, safi, baridi ya kuuma meno, yanatoka mpaka mvua zimalizike na mwezi mmoja zaidi. Kiangazi ukipita hapo huoni kitu. Vumbi na mijusi. Ungeapa kwamba pale mahali hapajawahi kulowa tangu dunia iumbwe.

Dada yangu alihama, mimi nikaolewa, nikasahau habari ya maji yale, kama mtu anavyosahau njia asiyoipita tena.

Mama yako alikuwa bado wa mgongoni nilipoanza kazi ya mawe. Babu yako alikuwa kwenye mitumbwi na samaki wake, akirudi anarudi na hadithi nyingi kuliko samaki. Nikajiunga na wanawake wa kuponda kokoto. Kazi hiyo watu wanadhani ni nguvu. Nguvu ni ya mwisho. Kwanza unalijua jiwe. Unaligonga kwa nyundo ndogo unasikiliza. Jiwe kavu linalia kama sahani ya bati. Jiwe lenye maji ndani linalia kama gunia la mchanga. Halafu unatafuta ule mstari wake, maana kila jiwe lina mahali linapotaka kupasukia, unaweka kuni na matairi mabovu juu yake, unawasha moto asubuhi, unaacha liive. Likiiva linalia lenyewe, tak. Hapo ndipo unapiga. Mwanamke mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, anashusha jiwe kubwa kuliko gari. Mimi nilikuwa naongoza wenzangu kumi na moja, na hakuna jiwe lililonikatalia. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu.

Basi akaja mfanyabiashara mmoja wa pamba, tulimwita Mzee Miwani, akanunua pale penye mawe mawili ajenge ofisi. Nyapara wake akatuita sisi tufungue msingi.

Wa kwanza kuja alikuwa mchoraji, mzee kutoka Dar es Salaam mwenye karatasi zake zimeviringishwa chini ya kwapa. Huyu nataka umjue, kwa sababu unaenda kusomea kazi yake. Siku ya kwanza hakufungua karatasi hata moja. Alipanda juu ya jiwe kubwa akakaa, tangu saa tisa mpaka jua likazama ziwani. Sisi tunampita na makarai, tunanong'onezana kwamba mzee wa watu amepungukiwa. Kesho yake akafanya vilevile. Baadaye nilipokuwa nafuta vumbi kwenye madirisha ya jengo lile ndipo nilipoelewa alikuwa anatazama nini. Unakumbuka zile mbao za zege zilizosimama wima nje ya madirisha upande wa ziwa, ambazo ukiwa mdogo uliniuliza kama ni meno? Jua la jioni ni kali, na linatoka ziwani mara mbili, moja la angani na moja la kwenye maji. Yule mzee alizigeuza mbao zile kidogo, zote pamoja, ili jua lile lipige zege lisiingie chumbani, lakini ziwa ulione. Na ngazi akaziweka katikati, wazi mpaka juu, ili upepo wa ziwa ukiingia mlangoni uvutwe kama moshi wa jikoni. Wakati wa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu, ngazi zilikuwa zinawanyonya na kuwatolea juu, na asubuhi nawafagia darini badala ya kuwafagia vyumba vyote.

Mzee Miwani alitaka mawe yote mawili yaondolewe. Mchoraji akasema dogo liondoke, kubwa libaki. Wakabishana siku nzima, kila mmoja na heshima zake. Mwisho mchoraji akashinda. Ndiyo maana ukiingia ukumbi wa chini, upande wa kushoto unakuta bega la jiwe limetokeza ukutani, na ukuta umejengwa kulizunguka kama shati. Watu wanaligusa wakipita, limeng'aa kwa mikono. Masika linalowa, maji yanateremka taratibu. Wageni wanapiga picha. Wanasema jiwe linatoa jasho.

Halijawahi kutoa jasho, Minza. Jiwe halina jasho. Yale ni maji ya dada yangu.

Nimefika penyewe.

Injinia aliyesimamia msingi aliitwa Mathayo. Kijana wa Mara, mrefu, mashati yake yote mawili yamepigwa pasi. Umri wake na wangu haukupishana sana. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na ile haraka ya mtu anayetaka kila mtu ajue kwamba amesoma. Siku moja tunapima lile jiwe dogo, nikamwambia nyapara kwamba litapasukia huku, siyo huku, tuweke moto upande wa mlima. Mathayo akasikia. Akaja, akatabasamu, akasema, "Jiolojia umeisomea wapi, mama?"

Watu wote wakacheka. Mafundi, vibarua, nyapara, mpaka mwenzangu niliyekuwa nimemgawia uji wangu asubuhi. Sidhani kama alikusudia ubaya. Alikuwa anatania. Lakini mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na masizi usoni, na neno lenyewe sikulijua, ikabidi niulize jioni maana yake. Jiwe lilipasuka pale pale niliposema. Safari hii hakuna aliyecheka. Walibeba vipande wakaondoka.

Tulipoendelea kushuka, nikaanza kuona. Jiwe kubwa kwa chini lilikuwa na mstari mweusi, ule weusi wa maji ya zamani. Nikaligonga, likalia gunia. Kipande kimoja tulichokiwashia moto kilikataa kuiva siku mbili, kikatoa mvuke kama sufuria. Hapo ndipo kumbukumbu ikaniingia. Nilisimama nimeshika mtaimbo nikaiona kabisa ndoo ya dada yangu ya bluu, imewekwa palepale walipokuwa wanapanga kuchimba shimo la lifti. Kilikuwa kiangazi kikavu. Mashimo yao yote ya kupimia yalitoa vumbi.

Nyapara wetu alikuwa na sheria yake, na ilikuwa sheria ya kila kazi siku hizo: kibarua haongei na injinia. Una jambo, mwambie nyapara, nyapara akiona lina maana atalipeleka. Kwa miaka mingi nimejificha nyuma ya sheria hiyo. Nimejiambia mimi nilikuwa kibarua tu, ningesema kwa mdomo gani. Lakini Mathayo mwenyewe aliivunja. Siku moja kabla hawajamwaga zege la chini alitukusanya sisi wanawake, nyapara akiwa pembeni amekunja uso. Akavua kofia. Namwona mpaka leo alivyoigeuzageuza ile kofia mkononi.

Akasema, "Ninyi mmeyazoea haya mawe kuliko mimi. Kuna kitu chochote hapa ambacho sikijui?"

Wenzangu wote wakanitazama. Wao walikuwa wageni wa mji, wametoka Kwimba na Misungwi, hawakuwahi kuchota pale. Walinitazama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msemaji wao. Na moyoni nikasema, si amesoma? Ajue mwenyewe.

Nikamjibu, "Hakuna, injinia."

Maneno mawili. Akashukuru, akavaa kofia. Kesho yake zege likamwagwa.

Sijui kama unaelewa. Nisingepoteza chochote. Asingenicheka tena, alikuwa amevua kofia. Nilichotaka ni yeye aje kugundua mwenyewe baadaye, aloweke viatu vyake, aje aniulize, nami nimwambie nilijua. Nilitaka siku moja tu ya namna hiyo. Niliisubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri sikukuu.

Masika yakaja. Nguzo zimefika ghorofa ya pili. Wiki ya tatu ya mvua, asubuhi, tukakuta shimo la lifti limejaa mpaka juu, maji safi kabisa, unaona nondo chini kama samaki. Wakayachota, yakarudi. Wakaleta pampu, ikizimwa yanarudi. Mzee Miwani akaja na watu wake, wakasimama kwenye matope. Sisi tuko kwenye mstari tunapokezana ndoo. Akamwuliza Mathayo alipima nini. Mathayo akaonyesha karatasi zake. Akaambiwa karatasi haziogelei, akusanye vitu vyake. Mbele ya watu wote, mbele ya nyapara wake. Alichukua viatu vya mpira, akachukua koti. Alitupita sisi wanawake akasema, si kwa mtu, alisema tu, kwamba hakuyaona maji.

Ile siku yangu niliyoisubiri ndiyo hiyo. Ndoo ilikuwa mkononi mwangu. Nikaipokeza kwa mwenzangu.

Wewe unajua yaliyofuata kwa sababu umeyaandika kwenye insha. Akaja injinia mwingine, akaweka pampu ya kudumu, akaendelea. Saruji ikaadimika nchi nzima, mifupa ya jengo ikakaa miaka imesimama vile, makorongo wamejaa juu kama wazee wa baraza. Kisha saruji ikapatikana, likamalizwa, ghorofa saba, lifti ya kwanza ambayo wengi wetu tuliwahi kuiona. Ikafanya kazi kiangazi kimoja. Masika ikazimwa. Na hivyo mpaka leo.

Mimi nikaajiriwa humo kufagia. Miaka ishirini na miwili. Pampu ya maji safi ilikuwa haipandishi juu, kwa hiyo maji ya kudeki nilibeba kwa ngazi, ghorofa saba, asubuhi na mchana, na masika hakukuwa na lifti ya kunisaidia. Mnapoyahurumia haya magoti yangu mnasema bibi aliyamaliza kwa kulea. Niliyamaliza kwa maneno mawili. Na si mimi peke yangu. Kulikuwa na karani wa ghorofa ya tano, mguu mmoja ulikuwa na polio, masika alikuwa anakaa kila kituo cha ngazi anapumua. Alikuwa ananiambia, mama, aliyejenga hapa alitukosea sana. Nikasema, kweli alitukosea.

Nilimwona Mathayo mara moja tu baadaye. Ilikuwa sokoni Mwaloni, pale Kirumba, nimekwenda kununua dagaa. Yeye alikuwa amekuja na watu wa kisiwa cha Ukerewe. Nilimtambua kabla hajanitambua, nikataka kujificha nyuma ya magunia, akawa ameshaniona. Akanisalimia vizuri. Akaniita mama wa mawe. Akasema anafundisha vijana uashi huko Nansio, kazi ndogo lakini anaipenda, na mke wake ni mkulima wa machungwa. Hakuna mahali mjini walipompa tena msingi. Hilo hakulisema kwa kulalamika. Halafu akacheka kidogo akasema, "Mpaka leo huwa najiuliza yale maji yalitokea wapi."

Minza, alikuwa ameniwekea mkononi. Nikamwambia dagaa wa leo wana mchanga.

Na si hilo tu. Mama yako alipomaliza darasa la saba alifaulu. Wewe umeambiwa aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya homa. Homa ilikuwepo, lakini ilipona. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara mbili kumwombea arudi. Nikamwambia waliosoma hawaoni hata maji yaliyo chini ya miguu yao, mwanangu atabaki na mimi apate macho. Nilikuwa nimeugeuza ujinga wangu kuwa methali. Mtu akishasema uongo lazima aujengee nyumba ukae, na mimi nilimkalisha mama yako humo. Nimeshamwambia yeye mwenyewe, juzi, jikoni. Aliendelea kuchambua mchele muda mrefu. Kisha akasema, "Minza aende." Basi. Mimi sikuthubutu kumwomba aongeze neno.

Sasa jambo la wiki iliyopita, ambalo hamkulijua. Mlidhani nimekwenda hospitali ya magoti.

Nilisikia mtoto wa Mzee Miwani anataka kuchimba nyuma ya jengo aweke maegesho ya magari chini ya ardhi. Huyo mtoto simpendi. Ndiye aliyezikata zile mbao za zege akabandika vioo vya bluu, akaziba ngazi, akaweka viyoyozi. Ameliziba jengo pua halafu analinunulia pumzi. Lakini nilikwenda. Mlinzi akaniambia hapa haturuhusu kuuza ndizi, mama. Nikamwambia nilikuwa nafagia hapa wewe ukiwa bado unanyonya, nikakaa kwenye ngazi. Baadaye akatoka binti mmoja wa kofia nyeupe, ndiye injinia. Kama wewe hivi, mwembamba, ana haraka. Akaniamkia. Nikasimama, nikamwambia yote, mahali pa ndoo, mstari mweusi, wiki ya tatu ya mvua. Vijana wa mashine wakakusanyika kusikiliza. Akaniomba nimwonyeshe. Nikaweka fimbo. Wakatoboa hapo.

Vumbi. Ni mwezi wa kumi, hata vuli haijaanza, wangepata nini. Vijana wakacheka. Mmoja akasema bibi labda ni maji ya ubatizo. Wakacheka tena, mpaka mlinzi. Binti hakucheka lakini alitazama saa. Nikamwambia aje mwezi wa nne na ndoo. Akasema ahsante bibi, akaandika kitu kwenye simu yake, sijui aliandika hilo au alikuwa anamjibu mchumba.

Nikatoka. Nikasimama barabarani nikisubiri ile aibu iniue, maana ndiyo niliyokuwa naikimbia tangu mama yako yuko mgongoni, kusema mbele ya waliosoma nikachekwa. Nikasubiri. Nikanunua muhogo wa kukaanga, nikala, ulikuwa na pilipili nzuri. Nikapanda nyumbani taratibu. Hiyo ndiyo yote. Kwa ajili ya hiyo nilimwacha mtu apoteze kazi ya maisha yake.

Wewe unaenda kusoma, utarudi na kofia nyeupe. Watu watakuwa wanajua vitu na watakutazama tu. Kuna bibi mmoja kila msingi. Atakujibu hakuna, injinia, na uso wake utakuwa mkavu kama kiangazi. Sijui nikuambie ufanye nini, kwa sababu Mathayo alivua kofia na hakupata kitu. Labda alichelewa. Labda angevua kabla hajanitania. Wewe una ulimi wangu, huo ndio unaonitisha. Unapenda kumalizia watu sentensi zao. Juzi ulimsahihisha mjomba wako matamshi mbele ya mkewe, na tangu siku hiyo hajakuambia kitu chochote anachokijua, ulikuwa hujagundua.

Ile insha imeshakwenda na ufadhili umepata, hairudishwi. Lakini usiirudie mahali. Ukiulizwa, sema bibi yako alilipasua lile jiwe, hiyo ni kweli na nisingependa ufiche. Halafu sema na hilo lingine. Ukiona haya kulisema, basi nyamaza yote mawili. Kama baada ya kusoma hapa huwezi kuniita mke mwenzako kwa muda, sitauliza kwa nini. Simu ninayo, na mama yako anajua kuniwekea kwenye spika.

Kuna mama wa Ukerewe anauza machungwa Mwaloni. Nimemwuliza. Anasema mwalimu Mathayo yupo, amestaafu, macho yamepungua, anakaa nyuma ya kanisa Nansio, watu wote wanamjua.

Basi lako linaondoka saa nane mchana. Meli ya Nansio inaondoka asubuhi. Kwa hiyo ukisoma hapa usinitafute chumbani wala kwa jirani, na usimwache mama yako anitafute stendi. Sitakuja kukusindikiza. Najijua. Nikija nitalia, nikilia nitachoka, nikichoka nitasema nitakwenda wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo nimeisema tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimeshaiweka fimbo mlangoni. Ukiwa unapanda ngazi za basi lako, mimi nitakuwa nagonga kwa mtu.

Bibi yako,
Ng'washi